Kivuli kwenye pafu la mama: ni hali gani zisizo saratani huonekana kama saratani kwenye picha?

Binti wa Kwanza

Habari zenu, ndugu. Ninaandika kwa niaba ya mama yangu, mwenye umri wa miaka 61, ambaye alipigwa eksirei ya kifua kwa sababu ya kikohozi kilichokawia kupona, na picha ikaonyesha kivuli sehemu ya juu ya pafu la kulia. Daktari aliagiza CT skani. Ripoti iliyorudi inasema kuna kinundu kigumu chenye upana wa milimita 14, kingo zake si laini, na kwamba "uwezekano wa saratani hauwezi kuondolewa". Sentensi hiyo moja imeivuruga nyumba nzima. Mjomba anataka mama afanyiwe upasuaji mara moja, mdogo wangu anasema asiguswe mpaka dalili zionekane, na mama mwenyewe amenyamaza, ila nilimsikia akimwambia shangazi kwamba ameshakijua kitakachomwondoa.

Mama hajawahi kuvuta sigara. Aliugua kifua kikuu alipokuwa msichana, akamaliza dawa akapona. Hana homa, hajapungua uzito, wala hakohoi damu. Daktari wake hajasema kwamba ni saratani, wala hajasema kwamba siyo. Amepeleka suala hili kwenye kikao cha wataalamu ambacho nasi tumealikwa kuuliza maswali. Siwaombi mmtibu mama kwa maandishi. Ninaomba kuelewa ni hali gani zisizo saratani zinazoweza kuonekana hivi kwenye picha, na wataalamu huzitenganisha vipi na saratani kabla ya kumfungua mtu kifua.

Msomaji wa Picha

Pole sana, dada, wewe na mama. Mimi ni daktari wa radiolojia na ripoti za namna hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo nitaanza na sentensi iliyowavuruga. Maneno hayo yanaeleza ukomo wa picha. CT skani hupima kiasi ambacho kila sehemu ya mwili inazuia miale ya eksirei, na kutokana na kipimo hicho tunapata umbo, ukubwa na msongamano wa kitu kilichomo ndani. Seli hatuzioni. Kovu, donge la fangasi na saratani huzuia miale kwa viwango vinavyokaribiana sana, na mwandishi mwaminifu wa ripoti hana budi kusema kwamba uwezekano wote bado upo.

Katika maelezo yako, jambo ambalo ningelisoma mara mbili ni kile kifua kikuu cha usichanani. Bakteria wa TB wanapoingia kwenye pafu, chembe za kinga huwazingira na kuwajengea ukuta. Katikati ya ukuta huo tishu hufa, pembezoni nyuzi za kovu hujikusanya, na kinachobaki ni donge tunaloliita tuberkuloma, ambalo linaweza kukaa kifuani kwa miongo mingi bila mwenyewe kujua. Donge hilo mara nyingi hukaa sehemu ya juu ya pafu, na nyuzi zake zinaposinyaa huvuta tishu za jirani mpaka ukingo unaonekana kuwa na miiba. Ugumu wetu ni kwamba saratani ya pafu nayo hutokea zaidi sehemu ya juu, nayo huvuta tishu za jirani na kuonyesha miiba ileile. Kingo za namna hiyo huongeza shaka, na sitakuficha hilo, lakini peke yake hazithibitishi lolote.

Zipo alama chache ambazo zikionekana hutupa utulivu wa kweli. Ya kwanza ni chokaa. Donge la zamani la TB au la fangasi hujijaza kalisiamu kadiri miaka inavyopita, na kalisiamu hiyo ikiwa imeenea donge zima, au imekaa katikati kabisa, au imejipanga kwa matabaka, uwezekano wa saratani hushuka sana. Ikiwa imekaa upande mmoja tu, au imetawanyika katika nukta nukta, hatuwezi kuitegemea, kwa sababu saratani inaweza kukua na kulimeza kovu la kale lenye chokaa. Alama ya pili ni mafuta. CT skani hupima msongamano kwa kipimo cha Hounsfield, ambapo maji ni 0 na hewa ni hasi 1,000. Tukigusa kinundu kwa kishale cha kompyuta na kupata kati ya hasi 40 na hasi 120, tumeyagusa mafuta, na kinundu laini cha mviringo chenye mafuta ndani yake karibu kila mara ni hamatoma, yaani mkusanyiko wa tishu za kawaida za mwili zilizokua bila mpangilio. Hamatoma nyingine huwa na chokaa iliyofumuka kama bisi, na daktari yeyote aliyewahi kuiona haisahau. Kwa kuwa ripoti ya mama haikutaja chokaa wala mafuta, ni halali kabisa kuuliza kwenye kikao kama vilitafutwa kwenye vipande vyembamba vya picha, vya milimita 1 au 1.5, kwa sababu kwenye vipande vinene vitu hivyo hupotea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote niliyokwisha kusema: picha za zamani. Kinundu tunachokiona leo hakina historia mpaka tukilinganishe na kilichokuwapo jana. Saratani nyingi ngumu za pafu huongezeka ujazo mara mbili ndani ya muda ulio kati ya mwezi mmoja na siku 400 hivi, na kuongezeka ujazo mara mbili hakumaanishi upana kuwa mara mbili. Kinundu cha milimita 14 kinakuwa kimeongezeka maradufu pindi kinapofikia milimita 17 na nusu hivi, badiliko ambalo jicho la haraka linaweza kulipita. Kwa kinyume chake, kinundu kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili au zaidi kwa kawaida huhesabiwa kuwa si hatari. Eksirei yoyote ya kifua ambayo mama aliwahi kupigwa, iwe ya ajira, ya safari, ya kabla ya upasuaji au ya wakati ule wa TB, itafuteni hata kama ni filamu iliyofifia, kwa sababu kivuli hicho kikionekana pale pale miaka kumi iliyopita, mazungumzo yote ya kikao yatabadilika.

Kuna takwimu moja ambayo watu huinukuu visivyo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa uchunguzi wa mapafu, uliochapishwa mwaka 2011 na kuhusisha watu zaidi ya 53,000 waliovuta sigara sana, asilimia 96.4 ya majibu yaliyotia shaka kwenye CT skani yalikuja kuonekana kuwa si saratani. Idadi hiyo inafariji, lakini vinundu vingi vilivyohesabiwa mle vilikuwa vidogo sana, vya kuanzia milimita 4. Cha mama ni kikubwa zaidi, kwa hiyo msikichukulie kwa wepesi huo.

Niliyepona Kifua

Dada, pole. Mimi nilikuwa na vivuli viwili, na neno saratani lilitajwa mbele yangu na mke wangu. Kilichoanza kilikuwa kikohozi kikavu, homa ndogo za jioni na kuchoka, nikapewa dawa za nimonia mara mbili bila nafuu. CT skani ya kwanza ilionyesha donge chini upande wa kushoto. Iliporudiwa, donge la kushoto lilikuwa limepungua lenyewe na jingine limechomoza upande wa kulia, ambako hapo awali palikuwa safi. Daktari wangu aliziweka picha mbili sambamba kwenye kioo, akanionyesha kwa kalamu, akasema kwamba saratani haina tabia ya kuhama. Nilichukuliwa kipande cha tishu, na jibu likawa aina ya nimonia isiyoletwa na vijidudu, ambayo mwili huijenga wenyewe ndani ya vifuko vya hewa. Nilitibiwa kwa vidonge vya steroidi, yaani dawa za kutuliza kinga ya mwili, kwa miezi kadhaa, nikapona.

Ninalotaka kulisisitiza ni kwamba dawa hizo hazikuanzishwa mpaka tishu ilipotoa jibu na TB ilipopimwa na kukosekana. Kwa mtu aliyewahi kuugua TB kama mama, steroidi zilizotolewa kwa kubahatisha zinaweza kuuamsha ugonjwa uliolala.

Binti wa Kwanza

Ninawashukuru sana. Eksirei ya zamani tumeanza kuitafuta. Shangazi anaamini kuna bahasha iliyobaki kwenye sanduku la marehemu babu. Mjomba amesikia kwamba kuna PET skani, na anasema hiyo itamaliza ubishi: kinundu kiking'aa ni saratani, kisipong'aa siyo. Je, ni kweli?

Daktari wa Mapafu

Ningependa mjomba awe na haki, kwa sababu kazi yetu ingekuwa rahisi mno. Katika PET skani mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa kiasi kidogo cha mnururisho, halafu mashine huonyesha mahali sukari hiyo ilikokusanyika. Seli za saratani hula sukari kwa pupa, lakini chembe za kinga zinazopigana na maambukizi hufanya vivyo hivyo. TB iliyo hai, fangasi, sakoidosisi (ugonjwa ambao chembe za kinga hujikusanya na kufanya vinundu), na vinundu vinavyowapata baadhi ya wagonjwa wa baridi yabisi, vyote vinaweza kung'aa kwa nguvu ileile. Wakati huohuo, zipo saratani zinazokua polepole, kama kasinoidi na baadhi ya adenokasinoma, ambazo hung'aa kwa unyonge au hazing'ai kabisa, na vinundu vilivyo chini ya milimita 8 mashine haivipimi kwa uhakika. Kwa mtu aliyeugua TB, kung'aa kunathibitisha kidogo sana. Bado sisemi kipimo hicho ni cha bure: kinaweza kutuonyesha tezi au sehemu nyingine iliyo rahisi kuchukuliwa tishu kuliko pafu lenyewe, na ikiwa ni saratani, kinasaidia kujua kama imesambaa. Waombeni wataalamu waseme wazi wanatarajia kukitumia kwa lipi kati ya hayo.

Kwenye orodha ya Msomaji wa Picha nitaongeza hali kadhaa. Watu waliofanya kazi kwenye vumbi la mawe kwa miaka mingi hupata madonge makubwa ya kovu juu ya mapafu yote mawili. Waliovuta vumbi la asbesto, au waliowahi kujaa maji kifuani, huweza kupata sehemu ya pafu iliyojikunja na kujiviringisha pembeni mwa utando wa pafu, na mishipa ya damu ikaonekana ikipinda kuielekea. Mgonjwa wa moyo anaweza kuwa na maji yaliyokwama kwenye mfereji ulio kati ya sehemu mbili za pafu, na kwenye eksirei yakaonekana kama uvimbe wa duara ambao hutoweka akipewa dawa za kupunguza maji. Kwenye tundu lililoachwa na TB ya zamani, fangasi aina ya aspajilasi huweza kuota na kufanya donge. Hapo tunamgeuza mgonjwa alale kifudifudi na kupiga picha upya, na mara nyingi donge linaonekana limeangukia upande wa pili wa tundu. Hata chuchu ya titi au mfupa wa ubavu uliovunjika ukaunga imewahi kuandikwa kwenye ripoti za eksirei kuwa kinundu cha pafu.

Mbili ninazitaja peke yake kwa sababu ya hatari ya sindano. Ya kwanza ni mshipa wa ateri ulioungana na wa vena bila kupitia mishipa midogo. Kwenye CT skani huonekana kinundu laini chenye mshipa unaoingia na mwingine unaotoka, na ukichomwa unaweza kumwaga damu nyingi. Ya pili ni mfuko wa maji unaoletwa na minyoo ya mbwa aina ya ekinokokasi, ambao maji yake yakivuja kifuani yanaweza kuleta mzio mkali wa ghafla. Swali la kama hali hizi mbili zimeondolewa linapaswa kuwa na jibu kabla sindano haijaguswa.

Kuhusu sindano yenyewe, kwa kinundu cha ukubwa wa mama ni hatua ya kawaida na si jambo la kuogopewa kupita kiasi. Mgonjwa hulala ndani ya mashine ya CT, sehemu hutiwa ganzi, na sindano huongozwa kwa picha hadi kwenye kinundu. Hewa kuvuja na kulizunguka pafu hutokea kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, na wengi wao hawahitaji mrija wa kuitoa hewa hiyo. Kinachoniumiza ni tishu nzuri inayopotezwa baada ya kupatikana kwa shida. Kipande kikitumbukizwa chote kwenye fomalini, yaani dawa ya kuhifadhia tishu, mtaalamu wa patholojia ataweza kutafuta seli za saratani, lakini bakteria wa TB hufa humo na kuoteshwa hakuwezekani tena. Kwa mtu mwenye historia ya mama, ombeni mapema kwamba sehemu moja ya tishu iende kwenye fomalini na nyingine iwekwe kwenye maji ya chumvi safi kwa ajili ya kuoteshwa na kupimwa TB na fangasi. Na jibu likirudi limeandikwa "uvimbe wa kawaida, hakuna seli za saratani", bila kutaja ugonjwa, msilichukulie kuwa mwisho wa safari, kwa sababu sindano inaweza kuwa imepita kando.

Nina jambo moja ambalo linanisumbua kila ninapoona mijadala kama hii, na naomba mnivumilie nikilisema kwa kirefu. Tunazungumza sana kuhusu watu walioambiwa wana saratani kumbe ni kovu, na hofu yao ni ya kweli, lakini mahali ambapo TB imeenea kosa la upande wa pili hutokea pia, na madhara yake ni makubwa kuliko hofu. Mtu ana kivuli juu ya pafu, makohozi yamepimwa na bakteria hawakuonekana, lakini kwa kuwa kivuli "kinafanana na TB" anaanzishiwa dawa za miezi sita, na miezi hiyo ikiisha kivuli kimekuwa kikubwa zaidi na tezi za katikati ya kifua zimevimba. Kutovuta sigara hakumwondoi mama kwenye hatari, kwa kuwa adenokasinoma huwapata wanawake wengi wasiovuta, na kuwahi kuugua TB hakumkingi na saratani. Magonjwa hayo mawili yanaweza kukaa kwenye pafu moja kwa wakati mmoja. Ikiwa kikao kitaamua kumtibu TB, ulizeni ushahidi wake ni upi, makohozi yamepimwa kwa GeneXpert (kipimo cha haraka cha vinasaba vya bakteria wa TB) na kuoteshwa au la, na picha ya kulinganisha itapigwa tarehe gani. Tarehe hiyo iandikwe kabla hamjatoka chumbani.

Muuguzi wa Wodi

Niongeze machache kutoka upande wetu. Nendeni na diski yenye CT skani nzima, maana ripoti ya karatasi peke yake haiwezi kusomwa upya na mtaalamu mwingine. Chukueni kadi au cheti chochote cha matibabu ya TB ya zamani. Mama aelezwe kila kitu yeye mwenyewe, akiwa ameketi, na aulizwe anataka nini, kwa sababu nimeona mara nyingi familia ikibishana kwenye veranda huku mgonjwa ndani akijijazia mwenyewe yale asiyoambiwa. Na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, pamoja na aspirini, zitajwe kabla ya siku ya sindano.

Binti wa Kwanza

Nimeandika yote. Swali langu la mwisho kwa daktari: wataalamu wakisema turudie CT skani baada ya miezi mitatu, je, hiyo ni kumpotezea mama muda?

Daktari wa Mapafu

Kwa kinundu kigumu kinachozidi milimita 8, miongozo ya mwaka 2017 ya Jumuiya ya Fleischner, ambayo ni jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa picha za kifua, inakubali njia tatu: kurudia CT skani baada ya miezi mitatu, kufanya PET skani, au kuchukua tishu. Kipi kati ya hivyo kinafaa hutegemea kiwango cha shaka. Miezi mitatu imechaguliwa kwa sababu saratani inayokua itakuwa imeonyesha badiliko linalopimika, na uvimbe wa maambukizi utakuwa umeanza kupungua, kwa hiyo ikisubiriwa kwa utaratibu si muda unaopotea. Kwa maoni yangu, kutokana na kingo ulizozieleza na umri wa mama, na bila picha ya zamani ya kulinganisha, ningeegemea kuchukua tishu kuliko kusubiri. Filamu ya kwenye sanduku la babu ikipatikana na kivuli kikiwa pale pale, ningeegemea upande mwingine. Wakiamua kusubiri, picha ya pili ipigwe kwa vipande vyembamba vilevile, na ikiwezekana kwenye mashine ileile, ili kipimo kilinganishwe kwa haki. Akianza kukohoa damu, kupungua uzito, sauti kukwaruza au kubanwa pumzi, mrudisheni siku hiyohiyo bila kungoja tarehe.